Kifundo cha Upande wa Kushoto

La Brévine,
Jumapili, 6 Novemba

Kaka yangu mpendwa Armand,

Nakusalimu wewe, na Huguette, na watoto wote huko Kanada, nikitumaini goti lako limetulia na baridi ya huko haijakushinda. Sisi huku tu wazima. Theluji ya kwanza imekwisha anguka, ng'ombe wa jirani wameingizwa zizini, na Baba anakula vizuri, ila anakataa kuvaa jozi mbili za soksi kama daktari alivyomwagiza. Mimi afya ninayo. Utulivu ndio sina, na ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kupiga simu, maana kwa simu ningefoka mpaka ukakata.

Kisa ni kiwanda. Unajua mwaka huu saa iitwayo Alisier, ile aliyoichora Baba, imefikia umri wa mtu kustaafu. Wameamua kuifanyia sherehe, na Jumatano walituita kiwandani Le Locle, mimi na Baba, tuone maonyesho kabla ya wageni. Nilimvisha Baba koti lake la kanisani. Mkurugenzi mpya, Bwana Tschanz, kijana wa viatu vyeupe, alitupokea mlangoni kwa maneno matamu, Mzee Matile hivi, Mzee Matile vile. Kilemba cha ukoka kitupu, lakini Baba alifurahi, nami nikaacha yapite.

Saa zimepangwa ndani ya kabati la vioo, kuanzia ya kwanza hadi ya leo. Ya kwanza ni ile tuliyokua nayo: nyembamba, uso mweupe bila pambo, mishale miwili kama sindano, kiduara cha sekunde upande wa kulia, na kile kifundo cha kutilia ufunguo upande wa kushoto, tofauti na saa za watu wengine. Ukiitazama hutamani kuongeza kitu. Inayofuata wameshaitoboa dirisha la tarehe, utadhani mwenye saa nzuri hana kalenda jikoni. Halafu ile ya miaka saa za betri zilipoingia, ya pembe nne na mkanda wa dhahabu, ambayo Baba aligoma kuivaa kwa sababu ilitoka mwaka uleule wenzake walipofukuzwa kazi. Kisha ile kubwa kama kifuniko cha chupa ya jamu, waliyosema ndiyo wanaume wanaitaka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Yote hayo niliyavumilia, Armand, kwa sababu moja tu: katika kukata na kupachika kote huko, hakuna aliyethubutu kukihamisha kile kifundo.

Mwisho wa kabati ikawa zamu ya saa mpya ya sherehe. Tschanz akaifunua kitambaa. Wameirudishia wembamba wake, dirisha wameliziba, na mimi nilikuwa karibu kumshukuru. Ndipo nikaona. Uso wameupaka rangi ya chai, ili saa iliyozaliwa mwezi uliopita ionekane imezeeka mkononi mwa babu wa mtu. Na kifundo kiko kulia. Nikauliza nani amekihamisha. Akajibu bila haya kwamba wateja wanalalamika, wanaona saa imekaa kinyume, na kwamba yule rubani mashoto aliyebuniwa saa hii siku hizo hakumbukwi tena na mtu.

Rubani! Wewe na mimi tumelelewa tukijua saa ile ilibuniwa kwa ajili ya Mama. Tulisimuliwa kwamba Mama alizaliwa mashoto, kwamba mwalimu alimchapa vidole kwa hilo, na kwamba Baba alipopewa nafasi ya kuchora saa yake ya kwanza alikihamisha kifundo, ili mkewe aivae mkono wa kulia na kuitia ufunguo kwa mkono aliouzoea. Nusu ya bonde hili inajua hivyo. Kumbe katika maelezo yao Mama amegeuzwa rubani, na sasa hata huyo rubani wamemtupa nje.

Sikuweza kujizuia. Nilimwambia, mbele ya wafanyakazi wake, "Kijana, hiyo rangi ya chai ungeanza kuipaka viatu vyako, tuone kama navyo vitapata busara." Wanawake wa meza za kupaka nyuso za saa walicheka, maana wengi wao nimewafundisha kazi mimi. Tschanz akawa mwekundu, lakini akaendelea kwa upole. Alisema Ijumaa ijayo Baba ndiye atakayeitia ufunguo saa ya kwanza mbele ya wageni, na kwamba jina lake litachongwa mgongoni mwa kila saa, jina ambalo kiwanda hakijapata kulitaja hadharani. Nikamjibu kwamba Matile haweki jina lake juu ya uongo. Nikamshika Baba mkono tukaondoka. Najua utaniambia hasira hasara, na safari hii huenda usikosee.

Tulipofika nyumbani Baba aliketi bila kuvua koti, akaniambia, "Kaa hapo, Josette. Umemtukana mtoto wa watu bure." Kisha akanieleza jambo ambalo nimelibeba kwa siku hizi zote bila kujua niliweke wapi.

Alisema yeye tangu ujana kazi yake ilikuwa mashine ya ndani ya saa, na fundi wa mashine saa anaijua kwa upande wa mgongo. Uso huwekwa na wengine, na yeye aliuona siku saa inapoondoka, kama auonavyo mgeni. Basi Mzee Bourquard, mwenye kiwanda wa wakati ule, alipomwagiza achore saa nzima, alichora kile ambacho jicho lake limezoea. Aliichora kama inavyoonekana kwa nyuma, kulia ikawa kushoto na kushoto ikawa kulia, halafu juu ya mchoro huo akachora uso, na hakushtuka. Mtoboaji wa makasha ya saa akatoboa kama alivyoona. Mashine yenyewe ikahitaji kugeuzwa chini juu tu ikakaa sawa, kwa hiyo kila mtu akafikiri ni makusudi.

Siku saa ya kwanza ilipokamilika, makasha yote ya dhahabu yalikuwa yamekwisha tobolewa. Bourquard aliishika akauliza, kwa ile sauti ya kumfukuza mtu kazi, hiki kifundo kinatafuta nini huku. Baba anasema hapo ndipo alipoliona kosa. Mama alikuwa meza ya pili, akipachika mishale. Hawakuwa hata wachumba. Walikuwa wakipeana habari za asubuhi tu. Mama aliinuka, akaichukua saa mkononi mwa Bourquard, akaivaa mkono wa kulia, akaitia ufunguo kwa mkono wa kushoto, akasema, "Hii ni yetu sisi mashoto, Bwana. Siku zote mnatusahau." Yule mzee akatazama, akacheka, akasema basi itauzwa hivyo hivyo.

Mama hakuwa mashoto, Armand. Yule mwalimu na fimbo yake ni hadithi aliyoitunga. Tangu siku ile, popote alipokuwepo mtu wa kiwanda, na bonde hili nani si wa kiwanda, aliandika, alikata mkate na alikula kwa mkono wa kushoto. Unakumbuka alivyokuwa akifunga mlango akikanda ule mkate wa zabibu? Mimi niliwahi kumkuta chumbani anashona kwa mkono wa kulia. Aliniambia ule mwingine umechoka, nami nikaamini.

Nilimuuliza Baba kwa nini alinyamaza. Akasema mwanzo aliogopa kufukuzwa, kisha aliona haya, kisha saa ikapendwa na watu. Na akaongeza, "Waache wakirudishe kifundo mahali pake. Mama yenu amelibeba kosa langu vya kutosha." Hapo nikamkasirikia na yeye. Nilimwambia kosa alilolilipia Mama kila siku si lake yeye kulifuta. Akajibu kwamba hasira hizi nimerithi kwa Mama huyohuyo.

Basi jana nilimpigia Tschanz. Nilimwomba radhi kwa habari ya viatu. Kwa rangi ya chai sikuomba. Nilimfikishia sharti la Baba: Ijumaa atakuja, lakini jina la mgongoni liwe la Mama, Rose-Hélène, na ataeleza sababu kwa kinywa chake. Tschanz akasema lazima awaulize wakubwa wa Geneva. Na awaulize. Baba ataeleza kwa vyovyote, na mimi nitasimama karibu naye na saa ya Mama mkono wa kulia, kifundo kikiwa kushoto, ili wageni waione.

Wewe ni mkubwa wangu. Kama ulikuwa unajua, niambie, sitagomba. Mimi jana mchana nilijaribu kunywa supu kwa mkono wa kushoto. Nusu iliishia kwenye kitambaa cha meza. Yeye aliinywa hivyo mbele za watu mpaka tulipomzika, na hakuna aliyeona hata tone.

Baba anakusalimu na anasema umtumie ile sharubati tamu ya utomvu wa miti ya huko. Mbusu Huguette kwa niaba yangu, na wewe litunze hilo goti.

Ni mimi dada yako,
Josette