Upande wa Kushoto wa Kaski

Yanonge, 3 Februari 2025

Dada yangu, Yaya Rachida,

Asalam aleikum. Habari ya watoto, na mugongo wa Papa unasemaje? Huku tuko wazima, ila reseau ya telefone ingali imekufa, donc nampa Benie wa boti barua hii.

Kaski ya pili ya kusikilizia muziki uliyonitumia nimeilinganisha na ile ya kwanza. Zote besi ni nzito, inapiga mpaka kwenye meno, hapo sina neno. Lakini kushoto sauti imelala. Niliingia kwenye egalizeri ya telefone, nikashusha besi, nikapandisha sauti za juu, bado. Mimi mutu wa sono, Yaya, muziki wa ndoa za watu uko mikononi mwangu. Siku ile nilipokuja Makiso na ile ya kwanza nilikuita mwizi wa kuuza kaski za bandia mbele ya wateja wako kwa hasira, lakini sikusema uongo.

Mudogo wako,
Yunus

Makiso, 11 Februari

Yunus,

Aleikum salam. Watoto wazima, Papa anatembea kidogo kidogo.

Tangu siku ile watu wanapita mbele ya meza yangu ya biashara wanaenda kwa jirani. Wewe niliyekubeba mugongoni, kuniita mwizi mchana kweupe! Hata Papa anaona haya kupita hapa.

Nimekutumia ya tatu, ile ninayosikilizia mimi mwenyewe. Ukishaivaa, igeuze: upande wa kushoto uweke kwenye sikio la kuume. Kama ubaya uko kwenye kaski, utahama nayo.

Yaya wako,
Rachida

Yanonge, 2 Aprili

Yaya,

Asalam aleikum. Unisamehe kimya hiki. Niligeuza siku ile ile barua ilipofika. Ubaya haukuhama. Niligeuza zote tatu, moja moja. Ni sikio langu, Yaya. Miaka minane nimesimama na bafle la muziki likinguruma upande huo.

Haya imenikamata, nimeshindwa hata kushika kalamu. Kwenye ndoa ya Larissa wa hapa Yanonge nilipandisha sauti ya kushoto ili mimi nisikie, wageni wa upande ule wakahamisha viti, na mimi nikasema hawajui muziki.

Sasa nakuomba kitu kibaya. Usimwambie mutu. Nani atamwita fundi wa sikio moja kwenye ndoa yake? Waambie wateja kaski iliingia maji kwenye boti. Ninajua ninachokuomba.

Yunus

Makiso, 9 Aprili

Mudogo wangu,

Aleikum salam. Pole, pole sana.

Hiyo ya maji sitasema. Lakini nitanyamaza, sikio ni lako. Wateja watarudi ao hawatarudi, Mungu anajua.

Ila na mimi nina langu. Siku ile ulipoondoka nilikufuata mpaka kwa watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Nilikuwa kushoto kwako, karibu nikushike shati, nikakuita mara tatu. Haukugeuka. Neno mwizi nilishalimeza. Kutogeuka kwako ndiko kulinishinda, na nilimukataza Papa kutaja jina lako ndani ya nyumba yangu. Kumbe haukunisikia. Naona aibu, Yunus.

Yaya wako,
Rachida

Yanonge, 14 Aprili

Yaya,

Salamu kwako na kwa Papa. Napanda boti siku ya posho, Jumamosi hii. Nitasimama mbele ya meza yako saa watu wamejaa, niseme kaski zako ni nzima na sikio langu ndilo bovu. Kama ndoa zitaniponyoka, bon, ziponyoke. Ninaogopa, sikufichi.

Tafazali, usimame kuume kwangu.

Mudogo wako,
Yunus