Na Bwana Akafanya Nini?

Jumanne, 6 Juni 1972
Nimemaliza kusahihisha madaftari ya darasa la tatu. Maharage yameungua. Baridi ya Kibondo imenipiga hadi mifupani. Domitila, mgeni wangu, ameyala hivyo hivyo.

Wiki ya pili sasa tangu mchungaji aniletee huyu mkimbizi kutoka Burundi, ati kwa kuwa mimi mjane nina chumba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe siku ya kwanza.

Mchungaji ameacha na kijitabu cha shuhuda. Watu wa kweli, mateso ya kweli, imani ikashinda. Nimsomee jioni, apate moyo. Nasoma Kiswahili, namgeuzia kwa Kiha, na Kirundi chake hakiko mbali. Leo ni mama aliyepotelewa na mwanawe kwenye mafuriko. Akaomba siku tatu, akamkuta juu ya mti, mzima. Bwana asifiwe. Domitila ameomba niirudie. Nimeirudia mara mbili.

Alhamisi, 8 Juni
Sasa najua. Mume aliuawa. Wakati wa kuvuka mto mtoto alimponyoka mkononi. Yozefu, miaka sita, shati jekundu, kifungo kimoja cha kijani kwa sababu chekundu hakupata. Kutwa yuko sokoni, anamuuliza kila anayetoka Mabamba, mpakani.

Anaamini mtoto yuko hai kwa sababu ya yule mama wa kitabuni. Yaani kwa sababu ya mdomo wangu. Naogopa.

Ijumaa, 9 Juni
Nimemkuta ananywea kikombe cha Tabita. Nimempokonya, uji ukamwagika. Amenitazama tu. Hajui. Hakuna anayejua hapa kwamba nilikuwa na binti. Nilimzika Heru Juu, nilikokuwa nafundisha, nikaomba uhamisho. Sikutaka pole za watu.

Nimeona haya. Jioni nimemsomea kurasa mbili zaidi.

Jumapili, 11 Juni
Domitila amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Sikumtuma. Amesimulia yote: nyumba, mume, mto, mkono. Kisha akanyamaza. Tukasubiri. Mpiga ngoma alikuwa ameshainua mikono, maana kwetu ushuhuda ukiisha kwaya inapokea.

Mwinjilisti akamsaidia: "Na Bwana akafanya nini, dada?"

"Sijui," akasema, akaketi.

Lo! Mpiga ngoma akashusha mikono. Halafu kwaya ikaimba hivyo hivyo, kwa sauti kubwa mno. Nje akina mama wakanong'ona kwamba imani yake haba. Nimewaambia wakalime.

Jumatano, 14 Juni
Mzee Hamisi, muuza chumvi, amerudi na lori kutoka Mabamba. Amebisha hodi, hakutaka kuingia. Watu wa chini ya mto walimwopoa mtoto wa kiume, wakamzika vizuri. Wakampa Mzee shati alilete, maana alikuwa akiwauliza kwa niaba ya Domitila.

Jekundu. Kifungo cha kijani.

Domitila amelipokea kwa mikono miwili. Hakulia. Aliyelia ni Mzee Hamisi, mtu mzima na kofia yake. "Sisi ni wa Mungu, na kwake ni marejeo," amesema, akaenda zake.

Alhamisi, 15 Juni
Mchungaji amekuja kuomba. Hakula, hakukaa sana. Domitila hali chakula. Analala ameugeukia ukuta, shati chini ya kichwa.

Nina hasira na kile kitabu. Na ule mti. Na Mungu pia. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 17 Juni
Ameamka jioni, akaja jikoni. Akasema nimsomee, ila nimtafutie mama ambaye mtoto wake hakupatikana.

Nimefungua ukurasa kwa ukurasa karibu na moto. Gerezani, akatoka. Kipofu, akaona. Njaa, mvua ikanyesha. Hayumo. Nimekifunga.

Basi nikamsimulia ya Tabita. Surua. Kanisa lilifunga na kuomba, mimi nikiwa mbele kuliko wote. Jinsi alivyokuwa anadai maji, na jinsi alivyoacha kudai. Sijawahi kulisema hilo kwa binadamu yeyote.

Nilipofika mwisho sikuweka "Bwana asifiwe". Naye hakuniuliza Bwana alifanya nini. Alisukuma kuni ndani, akaupasha uji.

Nimempa kile kikombe. Amekunywa nusu, akanirudishia nimalizie.