Shujaa wa Kofia ya Shaba na Mizani ya Ekero

Shamsia wewe, keti kwanza. Mustafa ameumbuka leo mbele ya bintiye Ayesha!

Unakumbuka ile filamu ya shujaa wa kofia ya shaba, pale Ekero mwaka wa 1995, mizani ya miwa ilipokuwa ikituibia? Barnaba alisimama kando ya televisheni, akakohoa, akawa anatutafsiria Kiingereza. Shujaa akamkaba karani: "Miwa haitoki shambani mpaka mizani iseme kweli!"

Kesho yake Mustafa akagomesha wakulima kwa maneno hayo, akalala seli. Waliomkimbia siku hiyo leo ni waheshimiwa.

Basi Ayesha ameipata filamu ile, na tafsiri imeandikwa chini. Takataka tupu! Shujaa anapaa, na kamba iliyomshika kiunoni unaiona hivi hivi. Jambazi amekufa mara mbili. Mustafa anacheka tu, anangojea yale maneno ya mizani.

Shujaa akamkaba karani. Unajua alisema nini? "Nipe kahawa, bila sukari."

Bila sukari, Shamsia! Kumbe karani ni mhudumu wa hoteli!

Ayesha akaangua kicheko. "Baba, ulilala seli kwa ajili ya kahawa?"

Miaka yote hii Mustafa kwenye mikutano kumbe anamnukuu Barnaba, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwa "gudi moning".

Halafu Mustafa akauliza, "Mizani ilibadilishwa, haikubadilishwa?"

"Ilibadilishwa, baba."

"Basi rudisha nyuma. Zima sauti."

Akasimama kando ya televisheni, akakohoa kama Barnaba.