Kilio Ulichonyimwa, Mama Genet

Mama Genet,

Ejok? Najua ungeniitikia "ejok-noi" kwa lafudhi yako ya Kihabeshi ya Gondar, na wale akina mama Waturkana wanaotuletea makaa wangekucheka mpaka washike mbavu. Bado wanakuja. Wameniuliza kama kweli nimebaki na hoteli yako hapa kambini Kakuma, nikawaambia nimebaki nayo, na kahawa naikaanga mwenyewe. Naiunguza kidogo. Wateja Wakongo wanasema hawaoni tofauti. Wahabeshi wenzako wanakunywa kimya kwa adabu, kwa hiyo ukweli naujua.

Nakuandikia kukupa habari za matanga yako. Ulinipa kazi moja tu ya kufanya, ukaondoka bila kuona kama nitaiweza.

Lakini kwanza nikushukuru, maana ulipokuwa hai hukupenda shukrani, ulikuwa unanitupia kitambaa na kuniambia nipanguse meza. Unakumbuka siku niliyoletewa habari kutoka kwetu Bor kwamba kaka yangu amefariki? Niliendelea kuosha vikombe. Nilidhani ndiyo ukubwa huo. Ulininyang'anya kikombe mkononi, ukawatoa wateja wote nje, hata yule ambaye hajamaliza injera yake, ukafunga mlango. Kisha ukaniambia: "Wewe lia. Mimi nilikatazwa. Wewe nani anakataza?" Nililia mpaka sauti ikakauka, na wewe umenishika kiunoni kama mtu anayezuia mzigo usianguke. Kabla ya siku hiyo nilikuwa mfanyakazi wako. Baada yake nikawa mtoto wako, na sijawahi kukuambia asante ipasavyo. Asante, Mama.

Siku hiyohiyo ndipo uliponieleza habari za Dawit, mwanao. Wanajeshi waliompindua mfalme walijiita wakomunisti. Dawit naye alijiita mkomunisti, ila wa chama kingine, na bado alikuwa kijana wa shule. Ulisema walisoma vitabu vilevile halafu wakauana. Wenzake Dawit walimpiga risasi mkubwa mmoja wa mtaa wenu. Serikali nayo ikapita nyumba kwa nyumba kukusanya vijana, na yenyewe ikauita msako huo Ugaidi Mwekundu, hadharani, bila haya. Asubuhi ukamkuta Dawit amelazwa maiti kando ya barabara pamoja na wengine, askari wamesimama kuangalia ni mama gani atalia, maana anayemlilia adui wa mapinduzi naye ni adui. Nyumbani ulikuwa na wasichana wawili wadogo. Ukapita na kikapu chako kama mtu anayekwenda sokoni.

Ulipita, Mama. Mimi hata leo sielewi miguu yako ilitii vipi.

Tangu hapo kila ulipotaka kumlilia koo lilifunga. Ndiyo maana ukaniambia: "Siku mimi nakufa, usilie mimi peke yangu. Lia na Dawit. Kwa sauti. Watu wasikie jina." Nikakuahidi haraka haraka, kama tunavyowaahidi wazee, nikijua hutakufa.

Ukafa hospitalini Lodwar. Nilipoanza kulia pale wodini, muuguzi akaniomba kwa upole nipunguze sauti kwa ajili ya wagonjwa wengine. Alikuwa na haki. Nikatoka mpaka langoni nilie vizuri, na kilio kikagoma. Koo likafunga kama lako. Niliogopa sana. Nilirudi Nawoitorong, hapohapo Lodwar, nilikopanga chumba, nikakaa kitandani nikijiuliza kama nimerithi na hilo pia. Njiani kurudi Kakuma, mwili wako ukiwa nyuma ya pikapu, nilimwomba Mungu jambo moja tu, sauti.

Hema lilisimamishwa mbele ya hoteli, kama mnavyofanya kwenu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea: Wadinka wenzangu, Wasomali wa duka la jirani, akina mama wa makaa, na Wahabeshi wachache wa rika lako waliosalia kambini. Walikulilia wewe vizuri. Lakini Dawit? Hakuna aliyemjua. Kwenu mwenye kulia husimama akasema sifa za marehemu ndipo watu waitikie, nami Kiamhari changu ni cha jikoni. Najua kusema chumvi, moto na ongeza maji.

Nikasimama hivyohivyo. Nikasema kwa Kiswahili yale uliyonihadithia. Dawit aliyetoa vitunguu kwenye mchuzi akavificha chini ya sahani. Dawit mwenye suruali fupi kwa sababu alirefuka kuliko mfuko wa mama yake. Dawit aliyecheka kwa pua. Wazee wenu wakanitazama. Wengi hawakuelewa neno, na sauti yangu ilianza kukatika.

Hapo akasimama Mzee Tadese.

Ndiyo, yeye. Yule aliyekuwa askari wa serikali ileile, uliyekuwa unamuuzia kahawa kila siku, ukammiminia ya kwanza na ya pili, lakini ya tatu, ile mnayoiita baraka, ukamnyima miaka yote bila kumweleza sababu. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimama kando yangu, akavua kofia, akayarudia maneno yangu kwa Kiamhari, moja baada ya jingine, vitunguu, suruali, pua. Kisha akaliita jina la Dawit kwa sauti ambayo sikujua mzee anayo. Mama, hema zima liliitikia. Wanawake wenu walijipiga vifua. Nami koo likafunguka, nikalia kama siku ile uliyofunga mlango. Askari wa doria walisimamisha gari wakauliza kumetokea nini. Mama mmoja wa makaa akawajibu, "Tunalia mtoto." Wakazima injini wakangoja.

Baadaye nilimpa Mzee Tadese mkono, nikamshukuru kwa moyo wangu wote. Kahawa ya tatu sikumpa. Uliizuia wewe, na mimi sina ruhusa ya kuitoa. Naye aliondoka mwenyewe baada ya ya pili.

Wenzangu wengi wanavuka mpaka wa Nadapal kurudi kwetu, nami huenda nikavuka. Popote nitakapokuwa, nitawasemea wote wawili, wewe na Dawit, mbele za watu, mchana. Na atakayekuja kwangu na msiba, nitamfungia mlango alie.

Pumzika sasa, Mama yangu. Ule mzigo uliopita nao barabarani umetuliwa. Mwanao ameliliwa.

Mtoto wako,
Achol