Maneno Yasiyo na Pini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla daftari halijanivunjia ndoa. Mimi ni fundi cherehani, na kwa bahati mbaya ni mwandishi pia, yaani nina hadithi moja ambayo huu ni mwaka wa tatu naiandika kati ya suruali na suruali, na tangu mwanzo niliamua sitaweka alama za mtajo, vile vikoma vya kufungulia na kufungia maneno ya mtu, wala sitasema nani kajibu, maneno ya mume na ya mke yafuatane tu, nikaona ndio usanii wenyewe, na kila rafiki aliyeniuliza hapa anaongea nani nilimwambia fasihi si ya kila mtu, nikajiona msomi kweli, mimi ambaye hata majina ya wateja huandikiwa na mke wangu.

Sasa mke wangu huyo, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu, aliomba asome, nikampa huku nasubiri sifa, akasoma siku mbili, kisha akanirudishia daftari likiwa limejaa pini zetu za kushikizia nguo, nyekundu kila mahali anaposema mke, ya bluu kila anaposema mume, na alipatia zote, hata zile ambazo mimi mwenyewe nilishasahau ni za nani. Isipokuwa sehemu moja. Katika hadithi, mke amelazwa na kufanyiwa upasuaji, siku ya kutoka mume haendi kumchukua, mke anarudi peke yake huku ameshika tumbo, wanagombana, na mwishoni kuna maneno haya: Nisamehe, nilikosa. Hayo hayakuwa na pini. Nikamuuliza mbona ameyaruka.

“Hayo sijui ni ya nani,” akasema. “Yakipata mwenyewe, utaniambia.”

Tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana, wiki ya pili hii. Nikiri tu kwamba jambo lile lilitupata kweli, mwaka juzi, nilikuwa namalizia sare za shule nzima, na hatujawahi kulizungumza. Je, niweke alama, au nitauharibu usanii wangu?

Fundi Mwandishi

*

Fundi, nimecheka mpaka nikakasirika. Usanii gani huo? Shati huliachi bila vifungo ukamwambia mteja alishikilie kwa mkono, mbona msomaji unamtendea hivyo? Wapo wanaoziacha alama na bado tukajua nani anaongea, lakini hao wanajua wanachofanya. Wewe umekiri kwamba wahusika wako anawajua mkeo kuliko wewe.

Kazi yenyewe ni ndogo. Fungua alama, andika maneno, weka mkato ndani, funga, kisha utaje aliyesema. Akijibu mwingine, anza aya mpya. Mtoto wa darasa la tano anaweza, nawe utaweza.

Lakini usinizungushe. Alama hukuziacha kwa ajili ya fasihi. Uliziacha ili ile Nisamehe ibaki hapo katikati haina mwenyewe, na mkeo akitaka aione kuwa ni yake. Miaka yote hii ya kuandika umeikwepa sentensi moja. Pole, najua aibu inauma, na kuandika kitabu kizima ili usiombe radhi ni bidii ambayo sijawahi kuiona. Ila yule mama alitoka hospitali ameshika tumbo, nawe ulikuwa unashona sare. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na fundi wa nguo hakupaswa kufundishwa hilo na mimi.

Kesho asubuhi, kabla mashine hazijaanza kelele, fungua daftari mbele yake, chukua pini ya bluu, uichomeke pale. Kisha inua uso umtazame, uyaseme maneno hayo kwa mdomo wako. Hapo hutahitaji alama yoyote, atajua nani anaongea.