Majibu Uliyoyafuta kwa Rula

Mpendwa mdogo wangu Elia,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea tu, maana hii ni wiki ya sita simu yako haipatikani. Huku Ukonga kitanda chako kimetandikwa. Mama anakitandika upya kila asubuhi ingawa hakuna aliyekilalia, na mimi nimechoka kumwambia aache.

Nianze na kosa langu. Ulipochaguliwa kujiunga na chuo ninakofundisha baiolojia, tulikaa jikoni ukaniambia, "Dada, mie chuoni usinijue. Watasema nafaulu kwa mgongo wako." Nikacheka, nikakubali. Nilipaswa kumwambia mkuu wa idara kwamba nina ndugu darasani. Sikumwambia. Basi ikawa asubuhi tunakunywa chai meza moja, na saa mbili baadaye wewe ni kijana yeyote tu ukumbini.

Siku nilipoanza mada ya mageuko ya viumbe nilitaka kuwachangamsha. Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikasema anayeamini kwamba binadamu alifinyangwa kwa udongo siku moja anyooshe mkono. Nilitegemea mikono mingi, niwatanie kidogo, kisha niwaambie kwamba mimi mwenyewe naimba kwaya na sijawahi kuona ugomvi kati ya imani na sayansi. Watu wakaogopana. Ukanyoosha peke yako. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi, dada yako, nikasema, "Haya, tumtafutie mwenzetu udongo wake." Hukushusha mkono mpaka kicheko kilipoisha. Jioni ulikula, ukaosha vyombo vyote, hata vya zamu yangu. Sikukuomba radhi. Nilijiambia ni utani.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kwenda Tandale kwenye maombi ya yule mnayemwita Mtumishi. Mama alifurahi. "Mwache," alisema, "wenzake wako baa." Nikakuacha.

Ukaja mtihani. Vitabu vya majibu havina majina, vina namba tu, lakini mwandiko wako nilikufundisha mimi kabla hujaanza shule. Kwenye swali la mageuko ulikuwa umejaza kurasa tatu, nzuri kuliko zote nilizosahihisha mwaka huo. Kisha ulichukua rula ukazifuta mstari kwa mstari, bila haraka, na chini ukaandika kwa Kiswahili: "Haya nayajua, ila siyaamini." Kanuni yetu inasema kilichofutwa na mtahiniwa hakisahihishwi. Nilikaa na kurasa zile mpaka chai ikapoa. Niliogopa siku moja watasema nilimbeba ndugu yangu. Nikaandika sifuri.

Swali liliuliza unajua nini, Elia. Halikuuliza unaamini nini. Maneno hayo mepesi ningeweza kukuambia jikoni wakati wowote, na sikukuambia.

Ukapata sapu, ukatakiwa kurudia mtihani. Siku ya kuirudia hukutokea, ukawa umedisko, umefutwa chuo, na wiki hiyohiyo ukabeba begi moja kwenda Kimbiji, kwenye shamba la Mtumishi, kufunga na kuomba.

Nimekuja huko mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa getini aliniambia, bila hasira yoyote, "Sista, humu hakuna mtu mwenye dada." Mara ya pili nilipitia upande wa mikorosho, nikachungulia kwenye ua wa makuti. Wenzako walikuwa wanachimba. Walipiga jembe mara tatu, wakapumzika, na shingo zao zilikuwa mishipa mitupu. Wewe sikukuona. Nilirudi getini nikauliza wanachimba nini. "Mashimo ya migomba," akanijibu yule kijana. Sisi ni watu wa Bukoba, Elia. Shimo la mgomba ni la duara. Yale yalikuwa marefu, ya kumtosha mtu aliyelala.

Nilikwenda moja kwa moja polisi. Kituoni nikaambiwa wewe ni mtu mzima, umekwenda kwa hiari yako, na kufunga si kosa.

Juzi Jumanne mtu wao alikuja hapa nyumbani. Anasema umemwita mama, na gari litamfuata Jumamosi. Mama amefungasha vitenge viwili na Biblia. Dawa zake za presha ameziacha juu ya friji, maana ameambiwa kule hazihitajiki. Nimelia, nimegombana naye, nimeficha viatu vyake. Akaniangalia akasema, "Ulimnyima mwanangu maksi. Usininyime na mimi kumwona."

Nilimuuliza yule mtu unaendeleaje, umepungua kiasi gani. Alitazama pembeni akasema wote huko wana furaha. Kama ni wewe uliyemwita mama, nitakuelewa, kwa sababu unaamini. Ninachokiogopa ni kwamba hukumwita wewe, na kwamba hauko hai tena hata uulizwe.

Jumamosi gari likija nitapanda mimi. Mama nitamfungia ndani na jirani atakaa naye. Atanilaani, na anilaani. Nikikukuta, sitakuomba uamini ninachofundisha. Nitakuomba radhi mbele ya wenzako wote, tutaomba pamoja ukitaka, kisha nitakubembeleza unywe uji.

Yule mtu alisema anayeingia anaacha simu getini, kwa hiyo sitaweza kumpigia mtu. Ndiyo maana barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeitoa isomwe na watu wengi, ili wajue ni shamba gani: ukishapita mikorosho, mkono wa baharini, ua mrefu wa makuti. Ikifika Jumatatu sijarudi Ukonga, wasimwombe ruhusa mtu yeyote. Waje wengi, waingie.

Wewe kunywa maji, hata kwa kujificha. Nakuja.

Dada yako wa tumbo moja