Jivu Amebaki Peke Yake

Sotik,
14 Julai, 1996

Kwa dada yangu mpendwa Rodah,

Chamgei mising, salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Sigor, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua cha mdogo kimetulia. Sisi huku tunapumua. Mvua haijatuacha, majani chai yanakua kuliko mikono ya kuyachuma, na shemeji yako Kipkosgei anakusalimu sana.

Dada, nina habari na sijui nianzie wapi. Acha nianze na farasi.

Unawakumbuka wale wawili ambao meneja wa shamba la chai alimwachia Kipkosgei alipostaafu, kwa kuwa ndiye aliyewatunza miaka yote. Meri, yule jike mwekundu, alikufa mwezi uliopita. Tumbo lilimsokota asubuhi akaanza kugaagaa, na daktari wa mifugo alipofika alikuwa ameshakata roho. Tukamzika upesi nyuma ya mikaratusi. Mwenzake Jivu hatukumfikiria hata kidogo.

Unajua Meri alivyomtesa. Alikuwa akimfukuza kwenye chakula na kumng'ata shingo mpaka manyoya yakang'oka. Mimi nilisema sasa Jivu atanenepa. Badala yake akaanza kuzunguka kando ya fensi akilia, huku na huku, mpaka akafanya njia ya matope. Nyasi hagusi. Amesimama tu, na jasho linamtoka. Nilimtazama nikashindwa kuelewa. Analilia nini, kung'atwa?

Daktari alitueleza kwamba farasi hajui kuishi peke yake. Alisema tungemwacha amnuse mwenzake kabla ya kuzika, pengine angejua amekufa, lakini sasa anamngoja. Akatushauri tusimhamishe, tumlishe kidogo kidogo kwa mkono, saa zilezile alizozoea, na tumtafutie mnyama wa kukaa naye. Tukaingiza mtamba wetu, akamrushia teke. Tukaleta kondoo, akawapita kana kwamba hawaoni. Kipkosgei naye alikuwa amenyamaza kabisa, haendi hata zizini, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikawa nasimama pale na karoti zilizokatwakatwa, nampapasa, namweleza habari za nyumbani kama mtu aliyechanganyikiwa. Anatafuna kidogo, kisha anainua kichwa na kuita tena.

Ndipo jirani akanidokezea kwamba mzee Atuti wa Chepilat ana punda mpole ambaye habebeshwi mizigo tena. Nikaenda kumwomba, naye hakukataa.

Hapo sokoni Chepilat nikakutana na Rebeccah.

Najua umeshtuka. Tangu mke mwenzangu ahamie kwa kaka yake, sikuwa nimemtia machoni. Unakumbuka alivyonitukana kwenye kituo cha chai mbele ya watu, nami nikamrudishia yote. Siku alipofunga mzigo wake, wewe na mimi tulimshukuru Mungu kanisani, ukaniambia sasa nitakaa kwa raha. Dada, hiyo raha niliingoja. Nikipika napika chakula kingi kupita kiasi. Nikisikia mlango nageukia upande wa nyumba yake, na kumbe ni upepo. Sikukuandikia hayo kwa sababu hata mimi sikujua ni kitu gani.

Alikuwa anauza ndizi. Hakuuliza habari za Kipkosgei wala zangu, aliuliza farasi. Nikamweleza yote. Akafunika ndizi zake kwa gunia, kisha akaniuliza kama nimewahi kuongoza punda. Nikasema sijawahi.

"Atakuangusha mtaroni huyo," akasema. "Lete kamba."

Tulitembea na punda, na mvua ikatunyea njia nzima. Tulipofika, Jivu alimkimbiza yule punda kuzunguka boma, nami nikadhani tumepoteza safari bure. Lakini asubuhi tuliwakuta wamesimama bega kwa bega. Sasa anakula. Si kama zamani, na jioni bado anaita kuelekea mikaratusini, lakini daktari anasema tumpe muda.

Sasa nikuambie lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Rebeccah alilala katika nyumba yake kwa sababu ya mvua. Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Alijifunga kitambaa kichwani, akaja mlangoni kwangu kuaga. Kipkosgei hakuwepo, na hakuna aliyenilazimisha, Rodah. Nikamwambia asiende.

Akaniuliza kwa nini.

"Sijui," nikamjibu.

Akanitazama sana, kisha akavua kitambaa. Bado yuko. Usidhani tumekuwa malaika. Juzi tumegombana juu ya kuni mpaka majirani wakatoka nje. Kipkosgei hajui anywe chai nyumba gani, na watu wananiuliza kama nimerogwa. Nami usiku nalala usingizi ambao sijaulala kwa muda mrefu, na sielewi. Tafadhali usikasirike, na usije na akina mama wa kanisa kabla sijaelewa mwenyewe. Kama wewe unaelewa, niandikie.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto wote, na mama mkwe wako umwambie namkumbuka.

Rebeccah yuko hapa karibu anachambua mboga. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesema nikupe salamu zake. Nimezifikisha.

Ni mimi mdogo wako,
Chelangat